Hewa niliyoimwaga Kasumulu: trip yangu ya scuba diving kisiwani Ziwa Nyasa

Ugonile kila mmoja wenu, wakuu. Wasiojua Kinyakyusa, nimewasalimu tu, msije mkadhani nimeanza na matusi.

Juzi kuna mdau alifungua uzi humu anauliza namna ya kupanga trip ya scuba diving kwenye kisiwa kimoja kidogo Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Kaweka na picha. Maji meupe, mawe makubwa, samaki wa kila rangi. Watu wakamwaga comments, mara hoteli, mara drone, mara nani ana namba ya mwenye boti.

Mimi kisiwa kile nakijua. Nimekaa nakiangalia kwenye simu mpaka chai ikapoa.

Niliwahi kupanga trip ya scuba diving kwenda kisiwa hicho hicho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa. Nitaeleza ilivyokuwa, bila chumvi wala sukari. Pale panaponiumbua mimi sitaparuka, maana ndipo palinifanya nifungue huu uzi.

Jina la kisiwa silitaji. Wenyeji wa mwambao mtajua.

Basi bwana.

Mimi ni mtu wa Kyela, kijiji kimoja njia ya Ipinda. Enzi hizo nilikuwa mfanyabiashara wa mpakani Kasumulu. Nikisema mfanyabiashara msifikirie duka. Nilikuwa na baiskeli yenye keria ya chuma, navuka daraja la Songwe na mchele, narudi na sabuni, vitenge na betri. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, hadi walimu walikuwa wanauza sukari darasani. Na nusu ya ukoo wa mama yangu iko Malawi, kwa hiyo kuvuka kwangu kulikuwa kama kwenda kwa jirani kuomba moto.

Nilikuwa na jina kwenye ile kazi. Walikuwa wanasema Lusajo akipita forodha hata mbwa habweki. Nilijivunia sana huo upuuzi.

Sisi wa baiskeli tulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, kitu kitupu hakina ushuru. Dumu tupu, kreti tupu, gunia tupu, unapita unapiga mluzi. Ya pili, usitoe karatasi mpaka uombwe, kwa sababu karatasi inazaa maswali.

Zishikeni hizo kanuni mbili, tutazirudia.

Sasa kaka yangu.

Aliitwa Ambokile. Kwa Kinyakyusa maana yake "ameniokoa", yaani Mungu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita, hajaoa bado, fundi wa injini. Mikono yake ilikuwa na grisi hata siku ya Krismasi. Mama alikuwa anamsugua kwa majivu kabla ya kwenda kanisani, mtu mzima mwenye ndevu.

Tajiri mmoja wa Ipinda alinunua boti ya mbao, akaiwekea injini ya lori, akamweka Ambokile awe fundi wake. Kazi ilikuwa kupeleka mchele kwenye vijiji vya mwambao vinavyokosa barabara. Nilimwonea wivu, nawaambieni ukweli. Yeye anasafiri ziwani, mimi nasukuma baiskeli.

Mwezi wa sita mwaka ule boti ilizama ikiwa karibu kabisa na kile kisiwa.

Waliokuwemo walikuwa watu saba. Sita waliogelea mpaka kwenye mawe. Walitusimulia wenyewe, wamekaa sebuleni kwa mama hawainui macho. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Chumba cha injini kilikuwa chini, unaingilia kwenye mfuniko wa mbao pale sitahani. Nafasi ilipokosekana, wakapanga magunia ya mchele juu ya mfuniko. Ambokile alikuwa ndani anahangaika na pampu. Wimbi likaja, boti ikalala ubavu, ikaenda chini.

Mmoja wao akasema walimsikia akigonga.

Yule mtu sijui kwa nini alisema vile mbele ya mama. Labda naye ilikuwa inamla.

Toka siku ile mama yangu hakutaka kitu kiwekwe juu ya mfuniko wowote pale nyumbani. Jiwe tulilokuwa tunaweka juu ya mfuniko wa mtungi wa maji ili kuku wasiufunue, alilitupa kwenye migomba. Kuku wakawa wanachafua maji kila siku, tunamwaga, tunachota mengine. Hakuna aliyethubutu kumwambia lolote.

Matanga tulikaa, lakini matanga bila mwili kwa watu wa kwetu ni kitu kibaya sana, jamani. Mnyakyusa anazikwa kwao, nyumbani, karibu na migomba ya baba yake. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka, na hakuna hata tuta la udongo la kuonyesha. Mama akawa anasema neno moja tu, "Nataka nikiweke chini." Hasemi nimweke. Anasema nikiweke, yaani hata mfupa.

Ndipo akaingia Bwana Samaki.

Huyu alikuwa ofisa wa uvuvi pale wilayani, mtu wa Tanga, Msambaa, Mwislamu mtaratibu sana. Jina lake Shekue, ila sisi wote tulimwita Bwana Samaki kwa cheo chake. Alikuwa akinunua mchele kwangu. Siku moja namfungia mzigo akaniuliza mbona umekonda, nikamweleza yote.

Akaketi juu ya gunia. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nimesomea kuzamia. Chuoni tulikuwa tunashuka baharini na mitungi ya hewa mgongoni kuhesabu samaki. Miwani ninayo, na mdomo wa kuvutia hewa ninao, umo sandukuni. Mitungi ndiyo sina."

Wakuu, mimi nilikuwa sijawahi kusikia kwamba mtu anaweza kupumua chini ya maji. Nilidhani ananifariji.

Akaniuliza kina. Nikatuma ujumbe kwa wavuvi wa kisiwani kupitia mabaharia wa meli. Majibu yakarudi baada ya majuma mawili. Boti wanaijua ilipo, nyavu zao zinanasa pale. Wameteremsha kamba yenye jiwe, wamepata pima kumi na nane. Pima moja ni upana wa mikono ya mtu mzima akiitandaza yote miwili.

Bwana Samaki akapiga hesabu kwa kalamu, akasema inawezekana. Si mchezo, lakini inawezekana. Anashuka, anaondoa magunia, anafungua mfuniko, anaingia, anatoka. Akasema mitungi minne inatosha na akiba juu.

Hapo ndipo trip yetu ilipoanza kupangwa.

Kilichobaki ni mitungi, na hapo ndipo mimi nikawa mtu wa maana. Binamu yangu Atupele, mtoto wa dada yake mama, alikuwa dereva kule kusini mwa Malawi kwa mzungu mmoja anayevua samaki wa mapambo na kuwauza Ulaya wafugwe kwenye vioo. Mzungu yule alikuwa na mitungi na mashine ya kuijaza. Atupele alimweleza habari za Ambokile, akakubali kutuazima mitungi minne iliyojaa kwa majuma mawili. Zaidi ya hapo asingeweza, ilikuwa ni ya kazi yake.

Tukapanga hivi. Atupele ailete kwa basi mpaka Karonga, kisha kwa gari la mizigo mpaka Songwe, nimpokee Jumanne. Alhamisi tunapanda meli bandarini Itungi. Ijumaa jioni tunashuka, wavuvi wanatupokea kwa mtumbwi. Jumamosi asubuhi Bwana Samaki anazamia. Meli ikirudi tunarudi nayo.

Nafasi ilikuwa hiyo moja tu, na nataka mlielewe hilo. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na Bwana Samaki alikuwa kwenye orodha. Nyumba ya serikali anatakiwa kukabidhi, mke na watoto wameshafunga mizigo, wiki inayofuata wanarudi Tanga moja kwa moja. Alikuwa anatumia siku zake za mwisho kwa ajili yetu. Hakuomba hata kilo ya mchele.

Jumatatu akaniita ofisini akanipa barua ina mhuri. Akasema, "Hii ionyeshe forodha. Nimeandika kila kitu, mitungi minne, imejaa hewa, ni ya kuazima, inakwenda kutafuta maiti, itarudi. Hawatakusumbua."

Nikaikunja nikaweka mfuko wa shati. Nikasema, "Ndaga fijo, mzee," yaani asante sana.

Mama naye alikuwa na maandalizi yake. Aliita vijana wa ukoo wachimbe kaburi kabisa, karibu na la baba. Wazee walimwambia, mama, tungoje kwanza arudi. Akasema, "Mwanangu amengoja miezi mitano. Akifika asingoje tena." Wakachimba.

Sasa twendeni Songwe, wakuu. Nimeandika mpaka hapa vidole vinataka kukataa.

Jumanne saa mbili asubuhi nilikuwa upande wa Malawi. Atupele akafika, tukakumbatiana, akalia kidogo. Akanishushia mitungi. Kumbe ni mizito ile! Ya rangi ya njano, koki ya shaba juu. Akaniambia, "Imejaa hii, angalia usiidondoshe." Gari lake lilikuwa linageuza, akaondoka.

Nikafunga mitungi kwenye baiskeli, miwili miwili. Na wakati nafunga, akili yangu ya Kasumulu ikaanza kufanya kazi.

Nikawaza, forodha wataniuliza ndani kuna nini. Nikisema hewa, nani ataamini? Watasema ni gesi. Gesi ina ushuru. Watasema tungoje mkubwa atoke Mbeya. Mtungi utakaa stoo wiki nzima, na meli ni Alhamisi. Nikaigusa barua mfukoni. Imeandikwa "imejaa". Nikaona hili neno imejaa ndilo litakaloniponza. Karatasi inazaa maswali.

Na kitu kitupu hakina ushuru.

Nikasukuma baiskeli mpaka nyuma ya ukuta wa gesti moja, nikafungua koki ya kwanza.

Jamani, ule mlio. Kuku walitimka, mama mmoja aliyekuwa anafua akakimbilia ndani. Nilicheka. Koki ikawa ya baridi mpaka ikatoa jasho. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Nikakaa juu ya tofali nasubiri imalize, natafuna muwa. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilijua Kyela mjini kuna gereji inajaza hewa matairi ya malori. Hewa ni hewa, au siyo? Nitaijaza kule kwa dakika kumi.

Niliimwaga hewa ya kumtafutia kaka yangu huku natafuna muwa. Hiyo picha ninayo mpaka leo.

Nikavuka daraja. Forodha alikuwepo ofisa mmoja mrefu, mtu wa Singida, tuliyezoeana. Akagonga mtungi kwa kalamu.

"Nini hiki, Lusajo?"

"Mitungi mitupu, mkuu. Ya kuchomelea."

"Pita."

Nikapita. Nilikuwa nimeshapiga hatua tano hivi aliponiita tena. Nikajua nimekamatwa. Akaja karibu, akashusha sauti, akasema, "Bwana Samaki alipita hapa jana. Ameniambia mnakwenda kumtafuta Ambokile. Poleni sana. Ile mitungi yenye hewa ikija usihangaike, niite mimi, naivusha mwenyewe. Inakuja lini?"

Nikasema, "Kesho, mkuu."

Hata hapo sikushtuka, wakuu. Nilijiambia tu kwamba nimejisumbua bure, nikakanyaga baiskeli kwenda Kyela.

Bwana Samaki alinipokea mlangoni kwake, mizigo ya familia imejaa barazani. Akatoa kigeji chake cha kupimia hewa, akakifunga kwenye mtungi wa kwanza, akafungua koki. Mshale haukusogea. Akafunga kwenye wa pili. Akaugonga na kidole.

"Hewa iko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe, jinsi nilivyompita yule ofisa. Nikamwambia tunakwenda gereji sasa hivi.

Alikaa chini. Alikaa kwenye sakafu, mtu mzima yule, kati ya masufuria yaliyofungwa kwa kamba. Hakupiga kelele. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto, kwamba ile haikuwa hewa ya kawaida, ilikuwa imeshindiliwa na mashine maalumu, mtungi mmoja umebeba hewa ya chumba kizima. Mashine ya gereji haifiki hata sehemu ya kumi ya nguvu hiyo. Mashine ya kufaa iliyo karibu ndiyo ile ya mzungu, kule alikotoka Atupele, kwenda na kurudi siku nne ukibahatika.

Meli ilikuwa kesho kutwa.

Nikamwambia basi twende hospitali, wana mitungi ya kupumulia wagonjwa. Akasema ile ukishuka nayo kina kile inageuka sumu, inakutia degedege. Nikamwambia tungoje meli ya wiki ijayo. Akanionyesha tu mizigo yake kwa mkono. Nikapiga magoti. Kweli nilipiga magoti.

Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga hawakukosea.

Mwisho akasema, "Twende gereji. Tukajaze hicho kidogo kinachoingia. Nitashuka nikaangalie tu. Siwezi kumwacha mama yako hivi hivi."

Tulikwenda, wakuu. Tulipanda meli Itungi na mitungi yenye hewa ya matairi inayonuka oili. Abiria walikuwa wanatuuliza hiyo nini, nami nilikuwa mkali kama pilipili, namjibu kila mtu vibaya. Milima ya Livingstone inapita pembeni, watu wanakula usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, wanacheka. Nilitamani ile meli igeuke.

Mdau uliyeuliza, kisiwa ni kizuri kweli. Jumamosi ile ziwa lilikuwa limetulia, maji meupe mpaka unaona mawe ya chini. Wavuvi walitupeleka hadi pale nyavu zinaponasa. Bwana Samaki akavaa, akasoma dua yake, akaingia na kamba kiunoni. Mimi nimeshika kamba.

Hakukaa hata dakika nne. Mtungi wa kwanza uliisha, akabadilisha wa pili, akaenda tena, akarudi. Kisha wa tatu. Alipotoka na wa nne alikuwa amebadilika rangi, anakohoa, anatapikia pembeni ya mtumbwi.

Alipopata pumzi akasema, "Nimeiona."

Alifika nusu ya kina. Akasema boti iko chini yake, imelala ubavu, aliiona vizuri kama mtu anayeangalia uani kutoka juu ya mti. Mfuniko aliuona. Umefungwa. Magunia matatu bado yamekaa juu yake, yamebanwa na nguzo ya boti iliyoanguka.

"Ningekuwa na hewa," akasema, halafu hakumalizia. Akanitazama akaona haina haja.

Ningekuwa najua kuogelea ningejitupa. Wanyakyusa wa bara wengi hatujui kuogelea, na ziwa liko pua na mdomo.

Turudi nyumbani.

Tulifika Jumatatu asubuhi na watu walikuwa wamejaa. Mama alikuwa amesimama pembeni ya kaburi, kavaa nguo yake nyeupe ya kanisani. Ng'ombe ameshafungwa kwenye mti. Alitazama mikono yangu. Alitazama baiskeli. Akatazama nyuma yangu kama kuna mwingine anakuja.

"Yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, njia nzima kutoka Itungi. Nilikuwa na maneno kabisa. Nikafungua mdomo nikasema:

"Forodha walimwaga hewa, mama. Yule mrefu. Alifungua koki zote."

Bwana Samaki alikuwa amesimama karibu yangu. Alikuwa amekuja kumpa mama pole kwa mdomo wake mwenyewe. Alinigeukia, akanitazama, kisha akainamisha kichwa. "Pole sana, mama yangu," akasema. Hakusema kingine.

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Nilimkosea nini yule mtu?"

Wazee wa ukoo wakasema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litaita mwingine. Wakakata mgomba, wakauvika shati la Ambokile, lile la kanisani, wakauzika. Mama alimwaga udongo wa kwanza. Nami nilimwaga.

Bwana Samaki aliondoka Alhamisi na familia yake. Nilikwenda kumsindikiza stendi. Aliponipa mkono akaniuliza, "Ile barua unayo bado?"

Nikasema ninayo.

"Itunze," akasema, akapanda basi. Sikumwona tena.

Sasa ngojeni, maana mnadhani imeisha.

Uongo wangu ulienea. Kyela ni ndogo. Watu wa kijijini kwetu wakawa wanampita yule ofisa bila salamu, na kwetu kumnyima mtu salamu si jambo dogo. Mama alikuwa akienda kwa ndugu zake Malawi, anapita pale amegeuza uso. Yule bwana anamsalimu, "Ugonile, mama," alikuwa amejifunza Kinyakyusa chetu, na mama anapita kama amesikia upepo. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mzigo. Nilikuwa naona uso wa yule mtu.

Ningeweza kusema siku yoyote. Kila mwaka uliopita ulizidi kunifunga mdomo. Nikaacha biashara ya mpakani, nikalima mpunga na kokoa. Watu walidhani ni uchungu wa kaka.

Miaka kumi na minne ikapita hivyo.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mchungaji alikuja kumpa meza ya Bwana. Alipoondoka mama akaniita nikae karibu. Akasema, "Lusajo, nimemsamehe yule mrefu wa forodha. Siwezi kwenda na kinyongo. Nenda ukamwambie nimemsamehe, uniletee jibu."

Nilimwambia mama, si lazima. Akasema, "Nenda."

Nikaenda. Yule bwana alikuwa ameshastaafu, ameoa huko huko, ana duka la misumari na bati pale Kasumulu. Kazeeka, ila urefu bado. Akanitambua kabla sijafika kaunta.

"Mdogo wake Ambokile! Hivi mlifanikiwa kumpata?"

Nikasema hapana.

"Pole sana. Ile mitungi yenye hewa niliisubiri sana. Hukuja."

Akanivutia kiti, akanipa soda. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, "Nikuulize kitu? Mama yako nilikuwa naona kama ana jambo na mimi. Nilimkosea nini?"

Maneno yale yale ya mama. Barua ilikuwa mfukoni, nilikuwa nimeibeba kwa makusudi, nimuonyeshe aone mwenyewe.

Nikasema, "Hakuna kitu, mzee. Macho yake tu yalikuwa mabovu. Amenituma nikusalimie."

Alifurahi, wakuu. Alifurahi mpaka akasimama. Akasema, "Mwambie ndaga fijo. Mwambie ndaga fijo sana."

Nikarudi. Mama akafungua macho, "Amesemaje?"

"Amesema ndaga fijo."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akasema, "Unaona? Na yeye lilikuwa linamsumbua."

Alifariki siku ya tatu. Tulimzika kati ya baba na ule mgomba.

Mwaka jana nimesikia na yule mzee wa duka amefariki, wamemsafirisha Singida. Kwa hiyo wa kumwambia hayupo. Bwana Samaki sijui kama yu hai. Nimebaki na barua, imeshika rangi ya chai, mhuri unasomeka bado.

Funzo? Ukipewa barua, ionyeshe. Sina jingine. Nimetafuta jingine miaka yote hii sijalipata. Wale wa kutukana, tukaneni, nimejiandaa. Wale wenye wazazi hai mliowadanganya jambo, mnajua la kufanya leo kabla ya kulala. Na kama humu kuna mtoto au mjukuu wa yule mzee, nitumie ujumbe, nije Singida na barua yangu.

Na wewe mdau wa scuba, jibu lako hili hapa. Nenda mwezi wa kumi na moja, ziwa linakuwa limetulia. Mitungi ijaze kabisa, asiiguse mtu mjanja. Wavuvi watakuonyesha panaponasa nyavu, pima kumi na nane.

Utaikuta boti imelala ubavu. Najua mchele umeshaoza siku nyingi, lakini ile nguzo labda ipo. Sitaki tena Ambokile atolewe, aliyekuwa anamngoja ameshalala.

Ila kama kuna kitu bado kimekaa juu ya ule mfuniko, naomba ukiondoe.